Msafara Usiokuwa na Bima

Mliokosa sehemu iliyopita hamjakosa kitu ila aibu yangu, na hiyo bado ipo ya kutosha. Nitawagawia upya kwa kifupi.

Mimi ni wakala wa bima za magari. Nina kibanda mkabala na uwanja wa kukagulia magari: meza moja, kiti cha mteja, na kompyuta inayozimika ikijisikia. Watu wananiita Stika, kwa sababu ya ile karatasi ya bima inayobandikwa kwenye kioo cha mbele. Nilikuwa naliona ni jina la heshima mpaka wiki hiyo ninayowasimulia.

Serikali ilitangaza kupandisha kima cha chini cha bima. Yaani kile kiasi ambacho bima ya kila gari lazima iweze kumlipa mtu uliyemgonga. Kima cha zamani kilipangwa enzi ambazo mtu akivunjika mguu alifungwa kipande cha ubao na kuambiwa pole. Hiki kipya kingetosha kumtibu binadamu mzima. Ada nayo ingepanda, na kuanza kwa lazima ilikuwa Jumatatu iliyofuata, ingawa anayekitaka mapema aliweza kukikata.

Basi mimi nikajiona mjanja. Nikawaambia wateja wangu: futeni bima mliyonayo, kateni nyingine upesi kwa kima cha zamani, Jumatatu ikifika iwakute mmeshajificha humo kwa mwaka mzima. Foleni ikauzunguka uwanja. Wakanichagua mwenyekiti wa kamati ya wenye magari wanaopinga kima kipya. Jumatano nikaongoza msafara wa magari, kipaza sauti mkononi.

"Wanataka tulipie ajali ambazo hatujazipata!" nilipaza sauti.

Watu wakashangilia mpaka wakapiga honi. Hakuna aliyekumbuka kwamba hiyo ndiyo maana ya bima, na mimi niliyeisomea sikumkumbusha mtu.

Mbele ya msafara alitembea mama mkwe wangu na bango. Hana gari, hajawahi kuwa na gari, lakini alisema hawezi kumwacha mkwewe apigane peke yake. Msafara ulipoisha, mteja wangu mmoja muuza gesi, tunayemwita Mitungi, akarudisha pikapu yake nyuma bila kuangalia. Akamgonga mama mkwe na bango lake.

Sasa tuko hospitali, jioni ileile, kwenye korido.

"Nyonga imevunjika," daktari wa mifupa alisema. "Tunaweza kuiwekea chuma akatembea. Nimempa nafasi chumba cha upasuaji kesho mchana. Akiikosa hiyo, nafasi nyingine ni wiki ijayo, na mfupa ule hautasubiri wiki ijayo. Hatasimama tena."

"Basi muwekeeni hicho chuma," mke wangu alisema.

"Chuma kinanunuliwa, mama. Hospitali inataka kwanza mtu wa kusema nalipa mimi."

Mke wangu akageuka kunitazama. Ni mshonaji, ana jicho linaloona uzi uliolegea kutoka upande wa pili wa chumba.

"Si bima ya gari lililomgonga ndiyo inalipa?"

"Ndiyo," nikasema.

"Yote?"

Nikakohoa. "Inategemea kima."

"Kima gani?"

"Cha chini."

"Cha chini kipi, baba watoto? Cha zamani, au hiki ulichokuwa unakipigia kelele mchana?"

Daktari akakumbuka kwamba ana wagonjwa wengine, akaondoka zake.

"Cha zamani," nikasema.

"Kinalipa nini hicho?"

"Kitanda. Na dawa za maumivu."

"Na mguu?"

"Mguu kinausaidia kidogo."

Mke wangu alikunja kanga ya mama yake iliyokuwa na vumbi la barabarani, akaikunja tena, akaikunjua. Nilitamani anitukane tumalize.

Nikatoka nje kutafuta hewa. Nikamkuta Mitungi amekaa kwenye ngazi, kashika kichwa.

"Stika, nimeua mtu?"

"Hujaua. Amevunjika."

"Mimi nilikuambia!" akainuka. "Nilikuja kibandani kwako asubuhi nikakuambia, kaka, nikatie hiyo mpya, hiyo kubwa, na ianze sasa hivi. Nabeba gesi mimi. Nikigonga sigongi kidogo. Ukanicheka!"

Ni kweli, nilimcheka. Nilimwambia mwenyekiti hawezi kupinga kima kipya huku anakiuza dukani kwake, ataonekanaje. Tena sikucheka peke yangu. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha mteja, ameniletea chai, naye akachangia: "Wewe mwanangu na hiyo pikapu ya kusukumwa, utamgonga nani?" Tulicheka sote watatu, Mitungi akalipia bima ndogo.

"Punguza sauti," nikamwambia. "Mke wangu yuko humo ndani."

"Kwani mke wako hajui?"

"Ajue ili iweje? Mguu utaunga?"

Akanitazama kama anaona mtu mpya. Kisha akatoa simu. "Haya, hebu nisomee huu ujumbe wa kampuni. Umeingia saa hizi na mimi miwani nimeiacha kwenye gari."

Nikausoma. Ulisema, ndugu mteja, asante kwa kukata bima nasi, bima yako itaanza saa sita usiku wa leo.

Nikausoma tena. Nikakaa pale alipokuwa amekaa yeye.

Ngoja niwaeleze, maana hata Mitungi ilibidi nimweleze polepole. Kompyuta ya kampuni huwa inaanzisha kila bima mpya saa sita usiku. Kila wakala anajua. Kwa hiyo unayefuta bima ya mteja ili umkatie nyingine, unafuta jioni, ya mwisho kabisa, unafunga kibanda unakwenda kulala. Gari linakaa bila bima saa chache tu, limeegeshwa, hakuna wa kujua.

Lakini siku ile nilikuwa na haraka ya kwenda kuhutubia. Nilizifuta zote asubuhi.

"Zote?" Mitungi akauliza.

"Zote."

"Yaani ule msafara mzima..."

"Mzima."

"Pamoja na lile lori lililokuwa linapiga honi nyuma yangu?"

"Pamoja na lori."

Msafara wa kupinga bima, magari yamejipanga kutoka mzunguko wa barabara mpaka sokoni, na hakuna hata moja lililokuwa na bima. Ungeniambia ni hadithi ningecheka mpaka nijishike mbavu. Mitungi hakucheka. Alikaa pembeni yangu, tukawa wawili kwenye ngazi tumeshika vichwa.

Halafu nikakumbuka kwamba saa sita usiku ilikuwa bado mbali, na wateja wangu walikuwa barabarani wanarudi makwao na furaha ya ushindi. Nikaanza kupiga simu.

"Uko wapi? Egesha gari."

"Kwa nini, mwenyekiti?"

"Egesha tu. Usiliguse mpaka kesho."

"Kuna nini?"

"Nina wasiwasi na wewe."

Wengine waliguswa sana. Mwenye lori alisema hata baba yake mzazi hajawahi kumjali kiasi hicho, akaomba namba ya kanisa ninaposali. Mmoja alikataa, akasema anampeleka mkewe kujifungua. Nikamwambia mpeleke polepole, na ukiona mtu anavuka barabara, simama, shuka, msalimie.

Niliporudi wodini, mke wangu alikuwa ameketi kando ya kitanda. Mama mkwe alikuwa macho, kidevu juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bango langu liko wapi?"

"Limevunjika, mama."

"Afadhali. Lilikuwa zito." Akanichungulia. "Mbona umekuwa rangi ya majivu? Aliyegongwa mimi au wewe?"

"Mama, usiongee sana," mke wangu alisema. Kisha kwangu: "Nimeongea na kampuni. Nimepata namba yao kwenye stika ya gari la jirani aliyetuleta. Kesho wanamleta mtu wao hapa."

"Umepiga wewe?"

"Ningemsubiri nani? Wewe ulikuwa nje na simu, kila nikichungulia naona unaongea na watu wa kamati. Mama yangu amelala hapa, wewe unaendesha mikutano."

Ningeweza kumwambia palepale. Wodi ilikuwa kimya, hakuna mgeni, ni sisi watatu tu tuliokuwa macho. Nilifungua mdomo nikauliza kama wamekula.

Kesho yake mtu wa kampuni akaja. Mkaguzi wa madai. Mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti ya kutoa rambirambi. Alimpa mama mkwe pole, akampa mke wangu pole, akanipa mimi pole, akampa pole mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani. Mitungi alikuwa amesimama dirishani na mfuko wa machungwa, anaogopa kuuweka chini.

Mlangoni alikuwepo muuguzi na kitanda cha magurudumu. "Chumba kiko tayari," alisema. "Kama hamna jibu, nampeleka mgonjwa anayefuata."

"Jibu lipo," mke wangu alisema. "Huyu hapa ndiye jibu lenyewe."

Mkaguzi akasafisha koo. "Nasikitika, mama. Tumeangalia. Saa ambayo ajali ilitokea, gari lile halikuwa na bima."

"Haiwezekani."

"Ya zamani ilifutwa asubuhi. Mpya ilianza usiku."

"Haiwezekani!" mke wangu akasimama. "Aliyemkatia ni mume wangu! Hiyo ndiyo kazi yake, hiyo tu, hana nyingine anayoijua. Baba watoto, mwambie."

Nikatazama machungwa ya Mitungi.

"Wewe ndiye wakala?" mkaguzi akaniuliza. Upole wake ukapungua kidogo. "Basi hapo tuna la kuzungumza. Kama mteja alitaka kufanya hivyo mwenyewe, kwa kujua, kampuni haihusiki. Lakini kama ni wakala aliyeharibu, wakala ni wetu, kosa lake ni letu. Tunalipa."

"Mimi niliomba ile kubwa!" Mitungi akalipuka. "Niliomba ianze palepale! Mungu shahidi!"

"Bwana," mkaguzi akamwambia, "kila aliyegonga mtu huwa aliomba bima kubwa. Sijawahi kukutana na asiyeomba. Neno lako halinitoshi."

"Neno la nani linatosha?"

"La wakala. Akisema hapa mbele yenu kwamba mteja aliomba kima kipya naye akamkatalia, na kwamba alifuta ya zamani mapema bila kumwambia, tunalipa kwa kima kipya. Operesheni, chuma, mazoezi ya kutembea baadaye, vyote."

Mke wangu akacheka kwa nafuu. "Sasa hilo ni jambo gumu? Kama halikutokea, halikutokea. Kama lilitokea..."

Hakumaliza. Alikuwa amenitazama usoni, na nimewaambia jicho lake lilivyo.

"Na huyo wakala," nikauliza, "akisema hivyo inakuwaje?"

"Leseni inafutwa leo. Kibanda kinafungwa. Na kazi hii hataifanya tena popote."

Kuna watu wataandika barua kwa mhariri kuniita mwoga. Waandike. Nilisimama pale nikapima. Kibanda kile ndicho kilichosomesha watoto, ndicho kilichonunua cherehani ya mke wangu. Kwa upande wa pili kuna nyonga ya mama wa mtu, mwanamke aliyenipa mwanae nikiwa sina hata kiti. Nawaambia ukweli wangu: nilipima kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Muuguzi alishaanza kugeuza kitanda.

"Ni kweli," nikasema.

"Kweli nini?" mkaguzi akauliza. "Sema yote."

"Aliomba ile kubwa. Nikamcheka, nikamkatia ndogo, kwa sababu nilikuwa mwenyekiti na niliogopa kuchekwa na kamati. Za zamani nilizifuta asubuhi ili niwahi kuhutubia. Hakujua. Hakuna aliyejua."

Mitungi akaweka machungwa chini, hatimaye.

Mke wangu hakupiga kelele. Alisema, "Kumbe," basi. Neno dogo hilo lilinifikia mpaka kwenye mifupa. Kisha akamgeukia muuguzi kama mimi sipo. "Dada, mpandishe."

Mkaguzi akatoa kalamu na karatasi ya hospitali ya kukubali kulipa. Wauguzi wakamhamishia mama mkwe kwenye kitanda cha magurudumu, akauma meno asilie. Nikaanza kupumua. Nikajiambia, haya, kazi imekwenda, ndoa sijui, lakini angalau mguu umepona.

"Simamisheni," mama mkwe akasema.

Kitanda kikasimama mlangoni. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili.

"Wewe mwenye kalamu, usiandike kwanza. Huyu mkikifunga kibanda chake, wajukuu zangu watakula nini?"

"Mama, hayo tutayaongea baadaye," mke wangu alisema.

"Tutayaongea wapi? Humo ndani nitakuwa nimelazwa usingizi. Nakuuliza sasa. Cherehani moja italisha nyumba nzima? Na ada za shule? Na mimi mwenyewe mwenye chuma, nani atanilisha?"

"Nitajua la kufanya."

"Hujui. Mimi nimekuzaa, nikikuangalia najua unapojua na usipojua." Akanigeukia. "Mkwe. Futa maneno yako."

"Mama?"

"Yafute. Sema ulichanganyikiwa kwa uchungu wa mkweo. Watu huchanganyikiwa. Nilikuwepo pale kibandani, nilicheka na mimi, nani ananifunga mimi? Miguu hii imeshatembea ya kutosha. Imenipeleka kazini, imenipeleka sokoni, imenipeleka mpaka kwenye maandamano ya kijinga. Nitakaa. Wenzangu wangapi wanakaa? Hao watoto ndio kwanza wanaanza kutembea."

"Mama, huna haki ya kuamua hivyo!" mke wangu alikuwa analia sasa, waziwazi, bila kujifuta. "Nikunyanyue mimi kitandani kila siku, nikuogeshe, nikutazame unavyotazama mlango? Huo ndio wema?" Akaninyooshea kidole. "Na wewe. Ukithubutu kufuta neno moja, usirudi kwangu. Kalale kwenye kamati yako."

"Na asipofuta," mama mkwe akasema, "siingii humo. Karatasi ya kukubali kupasuliwa inasainiwa na mgonjwa, na mgonjwa ni mimi, na akili ninazo."

Muuguzi akamtazama daktari aliyetokea nyuma yake. Daktari akaitikia kwa kichwa. Ni kweli, saini ni yake.

"Jamani, chumba kinasubiri," muuguzi alisema, kwa upole kuliko mwanzo.

Mkaguzi alikuwa bado ameshikilia kalamu juu ya karatasi. Nadhani katika kazi yake yote hajawahi kukutana na mtu aliyegongwa anayekataa kulipwa. Alinitazama akisubiri, na safari hii hakunipa pole.

"Bwana wakala, maneno yako yanabaki au yanafutwa?"

Mama mkwe hakuuachia mlango. Mke wangu alikuwa ameshika mguu mzima wa mama yake, ule ambao haukuvunjika. Walikuwa wanalia wote wawili, kila mmoja akimlilia mwenzake, na wote wakinitazama mimi. Sikuwa najua nitasema nini, na mdomo ulikuwa umeshafunguka.